Peugeot 504 ya mjomba na Cresta GX100 yangu, tumezipandisha zote Amani

Mjomba ana Peugeot 504 ya mwaka 74 hapa Chumbageni, Tanga, mimi nina Toyota Cresta GX100 ya 97, na kila tukikaa kwenye kahawa ni ubishi tu gari ni ipi. Juzi nikamwambia basi twende Amani, kule juu milimani Usambara, mi nishike ya kwako, binamu aje na yangu nyuma.

Kuiwasha tu shughuli, uvute choki, ukizidisha mafuta inalewa, halafu gia iko kwenye usukani, namba moja nimeitafuta mpaka mjomba akanishika mkono kama mtoto wa chekechea. Mpaka Muheza kwenye lami Cresta ilituacha zamani, ile injini yake ya 1G silinda sita imetulia, gia otomatiki unaweka D unasahau, na AC juu. Kwenye 504 AC ni dirisha.

Kupanda sasa. Mawe na mifereji ya mvua, Peugeot inapita kama ngalawa, springi laini, nyuma kila tairi linajitegemea, mjomba anamimina kahawa kwenye kikombe gari inatembea jamani! Huku nyuma nasikia Cresta inakwaruza tumbo, kila kwaa na mimi moyo paa. Si bure 504 ilibeba ubingwa wa mbio za magari za Safari Rally 1975 na 1978. Nikamchokoza mjomba, yule dereva Ove Andersson aliyeshinda nayo 75 si baadaye alienda kuongoza timu ya mbio ya Toyota, akasema "kwani alijifunzia wapi?"

Ila kutu, aisee. Upepo wa bahari wa Tanga umelila bati la Mfaransa, nimeinua kapeti la nyuma nikaona barabara. Na spea usiombe, taa ya mbele ile ya pembe pembe mjomba kaitafuta miezi minne ikaja na basi toka Mombasa imeviringishwa kanga. Ya Cresta unapata hapa mjini Ngamiani mchana huohuo, shida feki, kuna duka liliniuzia bushi "orijino" zikafa wiki ya tatu.

Ya kila siku chukua GX100, tena tafuta ya 98 kuendelea yenye VVT-i, yaani injini inayojirekebishia yenyewe muda wa kufungua valvu. 504 chukua kama una fundi mzee na roho ya subira.

Yangu iko gereji, ekzosi ilibaki kwenye jiwe la Amani. Kazini napelekwa na mjomba, na kila tuta anapunguza mwendo ananiangalia.