Duka la mabango Chake Chake: ramani ya jimbo la Scotland, mara ya pili imetoka sawa

Nyota nne kati ya tano. Naandika kwa ajili ya walimu wenzangu wa Pemba wanaotafuta pa kuprintia ramani kubwa za ukutani, maana mie nimehangaika mno.

Nilitaka bango la mita mbili kwa moja na nusu, ramani ya jimbo la uchaguzi la Na h-Eileanan an Iar, visiwa vya magharibi ya Scotland vyenye mbunge wao kwenye Bunge la Uingereza, kwa somo la uraia form three. Watoto wetu ni wa kisiwani, kila mwaka wananiuliza mipaka ya majimbo inakatwaje, na mfano mzuri kuliko ule mie sijauona. Kabla ya 1918 visiwa vile viligawiwa kwa majimbo ya bara, Lewis ikipiga kura na Ross and Cromarty, Harris na vya kusini vyote vikapiga na Inverness-shire, na Lewis na Harris ni kisiwa kimoja jamani, ardhi moja unatembea kwa miguu! 1918 ndo wakapewa jimbo lao, na mipaka ile haijaguswa mpaka leo.

Sasa kazi yenyewe. Mara ya mwanzo mashine ilikata chini, Barra na Vatersay, visiwa vya kusini kabisa, zikapotea zote mbili. Moyo uliniuma pale pale kaunta. Kijana wa kompyuta akanambia Maalim si vidogo tu hivyo, n'kamwambia mwanangu, ungechora ramani ya Pemba ukaiacha Kojani? Akanyamaza, akaifungua faili tena, na toka hapo alifanya kazi kama ramani ni yake.

Tatizo la pili rangi. Pembeni niliweka mstari wa wabunge: nyekundu ya chama cha Labour kwa Malcolm MacMillan, aliyeingia 1935 akiwa na miaka 22 akakaa mpaka 1970, halafu manjano ya SNP, chama kinachotaka Scotland ijitawale, kwa Donald Stewart aliyemtoa, na hicho ndo kiti cha mwanzo kabisa SNP kushinda kwenye uchaguzi mkuu. Stewart akaenda mpaka 1987, akaja Calum MacDonald wa Labour, 2005 Angus MacNeil wa SNP (huyu alimaliza akiwa hana chama), na 2024 Torcuil Crichton akakirejesha kwa Labour. Ile manjano ilitoka rangi ya chungwa, na kule chungwa ni rangi ya chama chengine, Liberal Democrats, kwahiyo mtoto angesoma historia nyengine kabisa! Walirekebisha wakanitolea kipande kidogo cha kujaribu kwanza, nikakiangalia nje kwenye jua, ndo wakaprinti. Ombeni hicho kipande, hawatozi.

Kilichobaki ni herufi. Jina la mji wao kwa Kigaeli, Steòrnabhagh, lina alama juu ya o, na mara zote mbili ilitoka kiboksi kitupu, mwisho nikaiweka kwa mkono na maka pen. Nyota moja nimeikata hapo, maana wale watu lugha yao wameing'ang'ania mpaka jina rasmi la jimbo likabadilishwa 2005 kutoka Western Isles, si haki sisi kuliandika ovyo.

Bei elfu 36, na kurudia hawakunidai kitu. Fleksi nzito, tundu za kuning'inizia wameweka, ila inang'ara, usiiweke mkabala na dirisha.

Darasani imefanya kazi niliyoitaka. Chini niliandika kwa herufi kubwa kuwa jimbo lina wapigakura kama 21,000, na pembeni yake kuwa jimbo la kawaida Uingereza sasa linatakiwa liwe baina ya 69,724 na 77,062. Wakauliza wote kwa pamoja, mbona wao wachache wana mbunge wao? Nikawaeleza kuwa sheria ya 2011 imelitaja jimbo lile kwa jina, pamoja na Orkney na Shetland, lisiingizwe kwenye hesabu hiyo, kwa vile bahari na safari za boti haviendi kwa hesabu ya vichwa. Yasmini mmoja wa nyuma akauliza kama na sisi majimbo yetu 18 ya Pemba yamekatwa kwa kuangalia bahari, na kipindi kizima kikaishia hapo, wakibishana.

Ijumaa wanafunga mapema, msiende. Nimeshawapelekea fulashi nyengine ya Orkney na Shetland, kiti ambacho toka 1950 hakijawatoka Waliberali (ndo hao Liberal Democrats wa sasa), naifuata Jumatano.