Uzoefu wangu: mwaka mzima wa hisabati na lugha sekondari ya wasichana

Majengo, sare na ratiba mtaviona wenyewe mkifika. Mimi nina neno na daftari la hisabati la binti yangu, kidato cha kwanza. Limejaa X nyekundu na "Rudia", na hakuna hata sehemu moja ambapo mwalimu ameonyesha ni mstari upi ulioharibika.

Chukua swali hili: 7 − 2(x − 3) = 5. Mtoto kaandika 7 − 2x − 6 = 5, akapata x = −2. X. Rudia. Akarudia, akapata −2 ileile, maana angepata nini kingine? Kosa lenyewe analijua kila anayefundisha aljebra: wakati wa kufungua mabano, −2 imezidishwa na x sawasawa, ilipofika kwenye −3 alama ya hasi ikaachwa njiani. Hasi mara hasi ni chanya, kwa hiyo ilitakiwa +6. Inakuwa 13 − 2x = 5, na x ni 4. Hatua zote zilizofuata kwa mtoto zilikuwa sahihi! Kuhamisha namba, sahihi. Kugawanya, sahihi. Kote huko kapata sifuri.

Duara dogo kwenye ile −6 lingetosha, pamoja na agizo moja: weka jibu lako kwenye swali uone. 7 − 2(−2 − 3) ni 17, si 5. Mtoto angejikamata mwenyewe.

Kosa lisiposahihishwa halikai lilipo. Muhula uliofuata likaibukia kwenye mafumbo: umri wa Asha ni mara tatu ya umri wa Neema, baada ya miaka 10 utakuwa mara mbili yake. Mtoto anaandika 3n + 10 = 2n + 10 badala ya 2(n + 10), na Neema anatoka na umri wa sifuri. Jibu ni miaka 10. Mabano yaleyale, X ileile.

Nikauliza kwenye kikao cha wazazi. Nikajibiwa: "Mama, huyu kipaji chake ni lugha. Hesabu si za kila msichana." Kauli hiyo inatolewa ndani ya shule ya wasichana! Maryam Mirzakhani, mwanahisabati wa Iran, alisoma sekondari ya wasichana Tehran, akachukua dhahabu mbili za Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, 1994 na 1995, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupata Medali ya Fields, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za hisabati duniani. Mwalimu wa hisabati asiyejua hilo ananiambia nini?

Nilitaka kuandika msipeleke mtoto pale, basi. Lakini haki itendeke kwa mwalimu wa lugha, kwa sababu yeye anafanya kilekile mwenzake anachokikwepa. Insha hairudi na alama tupu. Pembeni ya mstari anaweka herufi: T kwa tahajia, U kwa upatanisho wa kisarufi, M kwa muundo wa sentensi. Halisahihishi kosa yeye. Mwanafunzi analitafuta, kisha anaandika upya aya ile tu yenye herufi nyingi, si insha nzima. Kwenye ufupisho anawataka wapigie mstari hoja kuu kwanza, wafunge kitabu, ndipo waandike kwa maneno yao. Tangu hapo binti yangu hanakili tena sentensi za kifungu. Huyo mwalimu nampa alama zote.

Ndiyo maana hasira hainiishi. Njia ipo palepale, chumba kimoja cha walimu, na H moja pembeni kwa "hasi" ingemaliza kazi. Kwa lugha, mpeleke mtoto bila wasiwasi. Kwa hisabati, hapana, labda wabadilishe mwalimu. Hata hivyo sijamhamisha wangu. Ukienda kuulizia nafasi, omba daftari la hisabati la katikati ya muhula, utazame kama kalamu nyekundu imegusa hatua au imegusa jibu la mwisho tu.