Kihariri cha ramani cha Cities: Skylines: uzuri wake, na bahari ninayoiomba

Wengi hununua Cities: Skylines wapate kujenga mji. Mimi muda wangu mwingi humo umekwenda kwenye kihariri cha ramani kinachokuja pamoja na gemu yenyewe, pale unapoumba ardhi, maji na miti kabla mtu mwingine hajajenga nyumba hata moja. Gemu hii ilitoka Machi 2015, kazi ya studio ya Colossal Order ya Finland, na leo kuna toleo la pili. Bado nafanya kazi na la kwanza kwa sababu kompyuta yangu inalimudu, na kwa sababu ardhi ya kwetu naichora humo vizuri kuliko nilivyotarajia. Nakipenda kihariri hiki, na maombi yote yaliyomo humu chini yanatokana na mapenzi hayo.

Kwa wasiokijua: uwanja wake ni mraba wa kilomita 17.28 kila upande, umekatwa vipande 81. Unguja nzima haiingii, maana kisiwa kina urefu wa kilomita 85 hivi. Inabidi uchague kipande. Mimi nilichagua ghuba ya Chwaka, kutoka kijiji chenyewe kuvuka mikoko ya Mapopwe na msitu wa Jozani, mpaka rasi ya Michamvi na pwani ya Paje.

Ardhi unaiingiza kwa picha ya kijivu ya pikseli 1081 kwa 1081. Palipo peusi ndipo chini, palipo peupe ndipo juu, na kilele kabisa ni mita 1024. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu anayeanza na ramani za visiwa vyetu asipolijua hili atapoteza kazi yake. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 tu za rangi ya kijivu, yaani kila ngazi ni mita 4. Mwenye kuchora nchi ya milima mirefu hata haoni. Kwetu sisi mita 4 ni karibu tofauti yote iliyopo kati ya maji ya kupwa na ya kujaa wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kutoka kupita kawaida. Ukiingiza Chwaka kwa biti 8, pwani yote inageuka kuwa ngazi moja au mbili za kukatwa kwa kisu. Tumia biti 16, ambayo kila mita moja inagawanyika ngazi 64, na mteremko wa pwani unatoka laini kama ulivyo.

Vipimo vya mwinuko vinavyopatikana bure vingi vimetokana na rada iliyorushwa na chombo cha anga cha Endeavour Februari 2000. Ni vipimo vizuri, ila rada ile iligonga majani ya juu, ikahesabu mti kuwa ardhi. Kwa hiyo mikoko ya Chwaka inaonekana kilima, na Jozani inaonekana kilima kikubwa zaidi. Inabidi uishushe kwa brashi ya kusawazisha, taratibu, huku ukikumbuka ardhi halisi ilivyo. Chini ya bahari rada haioni kitu kabisa, kwa hiyo sakafu yote ya ghuba unaichora kwa mkono. Nilipofika hapo nilikwenda kumuuliza mvuvi mmoja mzee wa Chwaka, nikamfungulia laptopu barazani. Akaweka kidole kwenye kioo: "Mwanangu, hapa umetia kina. Hapa wanawake wanapita kwa miguu." Nikapandisha ardhi pale pale mbele yake, naye akanionesha mkondo unapita wapi na fungu la mchanga liko wapi. Brashi za kihariri zilitosha kwa kila alichonieleza. Hiyo ni sifa kubwa kwa chombo chochote cha kuchorea.

Basi nije kwenye ombi langu kubwa: maji kupwa na kujaa.

Ndani ya kihariri kuna kitelezi cha usawa wa bahari. Kwa kawaida kinakaa mita 40. Ukikivuta mpaka 36, ghuba ya Chwaka inafunguka: mafungu yanatoka, mkondo wa Mapopwe unabaki mwembamba katikati ya tope, na upande wa Paje bahari inakwenda zake mbali kule mwambani. Ukikirudisha 40, imejaa. Nilifanya hivyo mtoto wa dada yangu akiwa pembeni, akafurahi mno. Kisha nikahifadhi ramani, nikafungua mchezo wenyewe, akasubiri. Baadaye akauliza: "Mjomba, mbona maji hayatoki tena?" Hayatoki. Usawa ulioweka kwenye kihariri ndio bahari itakaokaa nao siku zote.

Kwa mtu wa pwani hilo halielezeki. Pale Paje na Jambiani mwani ulianza kulimwa miaka ya mwisho ya themanini, na mpaka leo kazi ile, ambayo wengi wanaoifanya ni wanawake, inafuata maji na siyo saa ya ukutani. Shangazi yangu huhesabu mwezi. Ukiandama, na tena ukifika kumi na nne, ni bamvua, maji yanatoka mbali, anashuka kwenda kufunga na kuvuna. Yakiwa maji mafu, yaani yanatoka kidogo tu, anabaki juu kuanika. Wachokoaji wa pweza ni hivyo hivyo. Mashua inayopita mkondoni asubuhi huenda mchana ikakaa mchangani. Sehemu ile ya pwani ni shamba saa hizi, ni bahari baada ya saa sita, na kihariri kinanilazimisha nichague moja.

Naona ombi hili linawezekana, kwa sababu nyenzo karibu zote zimo ndani ya gemu. Maji yake yanatiririka kwelikweli: ukichimba mfereji yanaingia, ukiweka boma yanapanda. Mwaka 2016 nyongeza ya Natural Disasters ilileta tsunami, kwa hiyo bahari inaweza kuinuka na kushuka mchezo ukiendelea. Mzunguko wa usiku na mchana ulikuja 2015, na haukufungwa kwenye kalenda ya gemu ambayo wiki inapita ndani ya dakika chache. Maji yafungwe kwenye mzunguko huo huo: yajae mara mbili na kupwa mara mbili kwa kila usiku na mchana. Mwenye kuchora ramani apewe vitelezi viwili, kimoja cha kimo cha bamvua na kingine cha kimo cha maji mafu. Halafu ardhi iliyo kati ya vimo hivyo itambuliwe kuwa pwani, nyumba isijengwe hapo, maana kwenye gemu jengo lililoingia maji huacha kufanya kazi. Najua hesabu za maji zinaichosha kompyuta. Ndiyo maana naomba kiwe kitu cha kuwasha na kuzima, ili mwenye mashine dhaifu asilazimishwe.

Ombi la pili linahusu barabara. Kihariri kinataka kipande cha kuanzia kiunganishwe na nje kwa barabara kuu. Kwa Chwaka nilipata njia, kwa sababu upande wa magharibi ni nchi kavu na barabara ya Mjini ipo kweli, ingawa nimelazimika kuiweka pana kuliko kijiji chenyewe. Lakini jaribu kuanza mji kwenye kisiwa cha Tumbatu. Mtu haendi Tumbatu kwa gari. Anashuka Mkokotoni, anapanda mashua. Kihariri kinataka daraja, na daraja hilo likishawekwa ramani si ya Tumbatu tena: magari ya mizigo yanamiminika na bandari haina kazi. Feri zimo kwenye gemu tangu nyongeza ya Mass Transit ya 2017. Kilichobaki ni kumruhusu mchoraji aseme kwamba watu wa kwanza wa mji huu watafika kwa chombo cha majini. Visiwa viko dunia nzima, na nina hakika wachoraji wa nchi nyingine wana haja hii hii.

Vichochoro vya Mji Mkongwe sivigusi sana. Pikseli moja ya ardhi ni mita 16, na gridi ya nyumba ni viboksi vya mita 8, wakati kuna njia kule Shangani ambazo watu wawili wakikutana mmoja hupisha. Gemu haikukusudiwa hivyo. Michenzani, na yale majumba yake marefu yaliyonyooka, inakaa vizuri kabisa kwenye gridi.

Miti nayo iongezwe. Nikitaka kuchora vilima vya Pemba nataka mkarafuu, uwe na umbo lake refu la kuchongoka, na uhesabiwe kuwa zao. Sasa hivi natumia mti wowote wa kijani unaokaribia.

Na kuna jambo ambalo lingenipunguzia kazi kuliko yote, ingawa mchezaji wa kawaida hatalihisi: kuweza kutandika picha ya angani juu ya ardhi ndani ya kihariri chenyewe, bila kutegemea modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wengine, ambazo huacha kufanya kazi kila gemu inaposasishwa. Sisi picha hizo tunazo. Kuanzia 2016 mradi wa Zanzibar Mapping Initiative, ulioshirikisha Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ulipiga picha visiwa hivi kwa droni, na ukizikuza unaona mpaka paa la nyumba moja moja. Ningeweza kuitandika picha ya Chwaka, nikaipunguza rangi, nikafuata ukingo wa mikoko kwa brashi badala ya kukisia.

Anayetaka kujaribu na pwani ya kwetu namshauri aanze na kipande kidogo cha mashariki, aweke picha ya biti 16, ainue ardhi yote kwa mita 40 ili ilingane na bahari ya gemu, kisha avute kitelezi kati ya 36 na 40 kila anapomaliza kuchora fungu moja. Makosa ya sakafu ya bahari yanaonekana hapo hapo, maji yanapotoka.