Mafunzo ya uongozi kwa wanafunzi, Lubumbashi: yanamfaa mwenye hoja mkononi

Mafunzo ya Jumamosi ambayo chama kimoja cha kiraia huwapa wanafunzi wa vyuo hapa Lubumbashi yamekusudiwa kijana anayetaka kuingia katika mambo ya serikali ili kutetea haki za wanyonge, na sifa yake kubwa ni kwamba hayaanzi kwa hotuba juu ya kiongozi bora. Yanaanza kwa Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ibara ya 27, inayompa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, awe peke yake au pamoja na wenzake, na inayoitaka mamlaka hiyo ijibu katika muda wa miezi mitatu. Ibara hiyo inakataza pia mtu kushitakiwa kwa sababu ya ombi lake, jambo ambalo wazazi wetu, waliokulia chini ya Mobutu, hawaliamini hata wakisomewa.

Kazi yenyewe ni kuandika ombi la kweli. Kikundi chetu kilichagua mrabaha wa madini, yaani malipo ambayo kampuni hutoa kwa madini inayoyachimba, ambao Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwezi Machi 2018 inaugawa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine (mtaa wa mji wenye utawala wake), sekta au usultani ambamo mgodi unachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tumezaliwa tukiliona bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kila siku, lakini wengi wetu hatukuwa tumewahi kuusikia mgawanyo huo. Mwalimu alifuta kila mahali tulipoandika kwamba wananchi wanateseka, akataka tuseme ni fedha za mwaka gani, zilipokelewa na nani, na ziko katika mstari upi wa bajeti. Ukali wake uliudhi wengi. Mimi naona ndio uliostahili ada tuliyolipa, ambayo kwa kweli haizidi sana gharama ya fotokopi.

Sehemu ya kugombea uongozi ni dhaifu. Uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 uliwachagua pia madiwani wa komine katika miji mikuu ya majimbo, na huo ndio mlango ulio karibu zaidi na mwanafunzi, lakini somo zima lilihusu bunge la taifa, ambalo mgombea wake hana budi kutimiza miaka 25, umri ambao wengi ukumbini hawajaufikia. Kuhusu amana ya mgombea, ambayo hairudishwi, ushinde au ushindwe, tuliambiwa neno moja tu, kana kwamba mtu ambaye wazazi wake wanalipa minervali, yaani ada ya chuo, kidogo kidogo anaweza kuitoa mfukoni. Isitoshe, masomo hutolewa kwa Kifaransa kitupu, na huchelewa kumalizika, kiasi kwamba wasichana wanaorudi Ruashi au Katuba huondoka kabla ya majadiliano, ambayo ndiyo sehemu bora ya siku.

Anayetafuta cheti cha kupatia kazi asijisumbue. Mwenye jambo lake mahususi, liwe mfereji wa kartie (mtaa) au shule isiyo na madawati, aende nalo tangu siku ya kwanza, na ombi likikamilika alipeleke katika nakala mbili, moja irudi na muhuri wa kupokelewa, maana pasipo muhuri huo hana la kuonyesha miezi mitatu ilianza kuhesabiwa lini.