Mbudya siku ya Krismasi: changu nampa nyota zote, boti ya kurudi hapana

Mama yangu hakanyagi bahari tarehe 26 Desemba. Mwaka 2004 mawimbi ya tsunami yaliyoanzia huko Sumatra yalifika mpaka pwani yetu ya Dar, yakaondoka na watoto waliokuwa wanaogelea. Tangu hapo siku ya pili ya Krismasi kwake ni ya kukaa ndani. Basi tukakubaliana: ibada ya kwanza usharikani, kisha kisiwani Mbudya siku hiyohiyo ya Krismasi, na turudi kabla ya giza.

Boti tulipandia Kunduchi. Kwenda hakukuwa na neno, kama dakika 20 hivi, na kila mtu alipewa laifu jaketi, hata mwanangu wa miaka minne. Kiingilio cha hifadhi kinalipwa mbali na nauli. Ulizeni mapema; sisi tuliambiwa tumeshalowa magoti.

Sasa mpishi. Samaki unachagua mwenyewe kwenye ndoo ya barafu, na Mama aliwafunua mashavu mmojammoja kama yuko soko la samaki la Feri, mpaka akampata changu mwenye mashavu mekundu. Yule kaka akamchanja mara tatu kila ubavu, akasukumia chumvi, ndimu na kitunguu saumu kwenye mikato kwa kidole gumba. Shilingi 30,000 na chipsi zake. Chipsi za kawaida tu.

Kabla hajamweka jikoni, simu yake ikaadhini. Akamfunika samaki kwa sinia, akatawadha, akapotelea nyuma ya mbuyu. Mume wangu akaanza kuangalia saa. Mama akamgeukia: "Baba, leo umekaa kanisani saa mbili na nusu, kwaya nne, sadaka mbili. Nani alikuja kukuharakisha?"

Kwenye nguzo ya kibanda kinaning'inia kiredio. Taarifa ya habari ya mchana ikaja: viongozi wa dini wahimiza amani, polisi wakumbusha marufuku ya disko toto. Mpishi ameshawasha mkaa, akacheka. "Mama yangu, hata Idi tunasomewa hiyohiyo. Wanabadilisha jina la sikukuu tu." Mama hakucheka. Alimkumbusha wale watoto waliokufa kwenye disko toto ukumbini Tabora, Idi ya mwaka 2008. Yule kaka akainamisha kichwa: "Kweli, mama. Acha wasome."

Akawa anageuza samaki na kutusimulia kwamba kwao Bibi Maryamu alijifungua chini ya mtende, akaambiwa atikise shina, tende mbivu zikamdondokea.

"Kwetu kamlaza mtoto kwenye hori la ng'ombe," Mama akasema. "Tende angezitoa wapi, maskini!"

Changu alifika saa saba na nusu, ngozi inapasuka kwa kidole, nyama ya ndani nyeupe na bado ina maji yake. Kachumbari ilikuwa na pilipili mbuzi ya kutosha kumnyamazisha mume wangu. Mama alimalizia kichwa peke yake, macho na yote.

Kurudi ndiko kulikotuharibia siku. Tulikubaliana saa kumi. Boti ikaja saa kumi na mbili kasoro, imeshajaza watu wa upande wa pili wa ufukwe, kaskazi imeamka na laifu jaketi hazitoshi. Nahodha anasema, "Pandeni tu, ni hapo hapo." Mama akasimama kwenye maji na kitenge chake cha kanisani, akasema hapandi mtu wa kwake mpaka washuke wanne. Nikaona aibu, nikidhani tutazomewa. Vijana wanne wakashuka wenyewe, mmoja akamshika Mama mkono apande. Wao walifuatwa baadaye.

Nauli ya kwenda na kurudi tulikuwa tumeshalipa yote asubuhi, ndiyo maana hakuna aliyekuwa na haraka na sisi. Kwa yule mpishi nitarudi. Boti nitatafuta nyingine, na nusu ya nauli itakaa kwenye pochi ya Mama mpaka tukanyage Kunduchi.