Ramani za 1:50,000 kwa anayefuatilia reli ya Gilgil–Nyahururu

Kwa kazi ya kutafuta stesheni na njia za reli zilizokufa Kenya, hakuna kifaa kinachoshinda karatasi za ramani za 1:50,000 (sentimita 1 ni mita 500 ardhini) za Survey of Kenya, idara ya serikali ya upimaji, mfululizo wa Y731. Picha za setilaiti zinaonyesha shamba la viazi. Karatasi inaonyesha kwa nini shamba hilo limepinda.

Chukua tawi la Gilgil hadi Thomson's Falls, mji unaoitwa Nyahururu leo. Lilifunguliwa 1929 kupitia Ol Kalou na Ol Joro Orok, kilomita 77 hivi, kwa ajili ya mazao ya mashamba ya walowezi. Lori lilipoweza kubeba mzigo uleule kutoka langoni mwa shamba, stesheni za katikati zikakosa kazi.

Ununuzi wenyewe una mtego. Kila karatasi inafunika dakika 15 kwa dakika 15. Gilgil imekaa karibu kabisa na nusu digrii kusini, yaani kwenye ukingo wa karatasi, na Nyahururu iko kaskazini kidogo tu ya ikweta, ukingo mwingine. Ukinunua karatasi mbili za katikati, vituo vyote viwili vya mwisho vinaweza kukuponyoka. Angalia kwanza fahirisi, yaani ramani ndogo inayoonyesha karatasi zote zilivyopangwa, uhesabu nne. Toleo la zamani ni bora kuliko jipya, mradi ukumbuke kutafuta majina ya kikoloni. Omba zisikunjwe: mkunjo hula wino palepale unapouhitaji.

Utamu wake uko kwenye kontua, mistari inayounganisha mahali penye mwinuko sawa. Reli ya upana wa mita 1 haikupandishwa kirahisi zaidi ya mita 2 kwa kila mita 100. Kontua zikiwa za mita 20, njia inahitaji angalau kilomita 1 kutoka mstari mmoja hadi unaofuata, yaani sentimita 2 kwenye karatasi. Matoleo ya futi 50 yanataka kama sentimita 1.5. Alama iliyofifia ikikata kontua mbili ndani ya sentimita 1, hiyo ni barabara, usipoteze mchana wako. Stesheni nayo ilitaka mahali tambarare na palipo nyooka kwa ajili ya reli ya kupishania treni, kwa hiyo tafuta pale kontua zinapoachana. Ukifika, angalia tuta, kalvati za mawe, na nguzo za tangi la maji. Reli na mataruma ya chuma usivitegemee. Vyuma chakavu vina soko.

Kosa linalowapoteza wengi ni la GPS. Ramani hizi zimechorwa kwa Arc 1960, simu inasoma WGS84, mifumo miwili tofauti ya kupimia mahali duniani. Ukihamisha namba za karatasi kwenye simu bila kubadilisha mfumo, alama yako inaangukia takriban mita 300 kaskazini mwa mahali halisi, na kidogo magharibi. Utachimba vichaka vya watu ukitafuta jukwaa lililo ng'ambo ya barabara.

Fotokopi, hapana. Kama huna budi, pima mraba wa gridi, wa kilomita 1, kwa rula: lazima uwe milimita 20. Ukiwa 19.6, nakala imepungua asilimia 2, na kwenye tawi zima hilo ni kosa la kilomita moja na nusu.

Kasoro ya kweli ni unene wa wino. Mstari wa nusu milimita ni mita 25 ardhini, kwa hiyo karatasi hii haiwezi kuamua ugomvi wa mpaka kati ya shamba na hifadhi ya reli. Huo unataka ramani za upimaji wa viwanja. Wala usidhani njia isiyo na treni haina mwenyewe. Ya Nanyuki ilidhaniwa imekufa, na 2020 treni ya abiria ikarudi.