Treni ya kwetu Tabora: uzoefu wangu kabla na baada ya kurudi Serikalini

Mei 2025 mdogo wangu anayeishi Uingereza alinipigia simu Jumapili. "Dada, treni yangu imetaifishwa," akaniambia. South Western Railway, inayompeleka kazini London kupitia stesheni ya Waterloo, ilikuwa imeingia mikononi mwa serikali siku hiyo, tarehe 25. Halafu akanisimulia kwamba abiria wa mojawapo ya safari za kwanza alfajiri ile, kutoka Woking, walianza kwa basi, kwa sababu kipande cha reli kilikuwa kwenye matengenezo. Akaniuliza: "Hivi ile yetu ya Tabora iliporudi Serikalini, wewe uliyekuwa unaipanda uliona tofauti gani?"

Sikumjibu siku ile. Namjibu hapa, maana na wengine wanaoipanda wanahusika.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Ubungo, kwetu Tabora. Treni ya Reli ya Kati nimeipanda tangu nikiwa nabebwa mgongoni. Kwenda napeleka nguo, kurudi nabeba asali na karanga, na kwa mtu wa mizigo midogo midogo treni ilikuwa haina mpinzani.

Oktoba 2007 tiketi zilibadilika jina. Lililokuwa shirika la umma, TRC (Shirika la Reli Tanzania), likawa kampuni ya TRL: asilimia 51 za hisa kwa RITES ya India, 49 zikabaki kwa Serikali, mkataba wa miaka 25. Reli yenyewe, stesheni na ardhi vilibaki mali ya kampuni nyingine ya Serikali, RAHCO. Nakumbuka safari yangu ya Krismasi mwaka ule. Mkaguzi wa tiketi kwenye behewa letu la daraja la tatu alikuwa mzee yule yule aliyewahi kuniuliza habari za mama nikiwa sekondari. Mabehewa ni yale yale. Tulipotoka Morogoro usiku nikasikia magurudumu yakigonga maungio ya reli kwa mlio ule ule niliokua nao, na nikalala usingizi mzuri kabisa. Aliyebadilika alikuwa mwenye hisa. Njia tuliyopita ilikuwa ile ya upana wa mita moja, waliyoianza Wajerumani hapa Dar mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma 1914.

Yaliyotokea miaka iliyofuata yaliandikwa sana: wafanyakazi waligoma zaidi ya mara moja wakidai mishahara, vichwa na mabehewa yakakodiwa kutoka India, bungeni ikawa hoja. Hayo nayaacha kwa waliokuwa ndani. Mimi nilikuwa abiria, na kilichonikata mimi safari ni maji. Mwisho wa Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika Kilosa, ukabeba tuta na reli, na treni zikasimama kwa miezi. Kwa muda mrefu tuliokuwa tunakwenda Tabora tulipanda basi mpaka Dodoma ndipo tukaikuta treni. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe kinapita bonde la mto, na mto ule hauna habari na mkataba wa mtu. Ukiuliza mzee yeyote wa reli atakutajia Kidete na Gulwe kabla hujamaliza swali.

Mwaka 2011 hisa zikarudi Serikalini zote. Nilitegemea makubwa, nakiri. Nilikwenda Stesheni kuulizia nauli nikiwa na matumaini kama mtu anayekwenda kumpokea ndugu. Tiketi ilikuwa na jina lile lile la TRL. Mataruma, mto na mabehewa vilikuwa kama tulivyoviacha. Kwa safari ya Tabora, tofauti kati ya mwaka wa mwisho wa mwekezaji na mwaka wa kwanza wa Serikali sikuiona.

Tofauti niliiona nyumbani kwangu, Ubungo. Oktoba 2012 ilianza treni ya abiria wa mjini, kutoka Ubungo Maziwa kupitia Mabibo, Tabata na Buguruni mpaka Stesheni, asubuhi na jioni. Watu waliiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la Harrison Mwakyembe, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi. Kwa wenzangu ambao hawakuishi Dar miaka ile: mabasi ya mwendokasi hayakuwepo, Barabara ya Morogoro ilikuwa imefunga tangu alfajiri, na mtu wa Ubungo aliyetaka kuwahi Kariakoo aliamka saa kumi. Treni ile ilitumia mabehewa ya zamani yaliyofufuliwa. Ilijaa mpaka mlangoni. Lakini ilitembea wakati magari yamesimama, na mimi niliyekuwa nafuata vitambaa Kariakoo mara tatu kwa wiki nilipata saa mbili za kushona ambazo zamani niliziacha kwenye foleni. Naisifu kwa moyo wote. Reli ile ilikuwepo miaka yote, inapita nyuma ya nyumba za watu, na hakuna aliyefikiri kuipakia abiria wa mjini mpaka mwenye mali akawa mtu anayeulizwa na wapiga kura. Hilo nalihesabu kuwa tunda la kweli la reli kurudi Serikalini. Sidhani kama mfanyabiashara angelianza, maana nauli ya watu wa Tabata si ya kumtajirisha.

Mwaka 2015 ikaja treni ya deluxe ya bara, na baadaye ya mjini ya Pugu. Fedha za njia nazo zikapatikana: mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 300, sehemu kubwa ikiwa ya kuimarisha reli ya zamani kutoka Dar hadi Isaka. Sheria ya Reli ya 2017 ikaunganisha TRL na RAHCO, mwendeshaji na mwenye njia wakawa nyumba moja, na jina la TRC likarudi. Mama yangu hakuwahi kuliacha, kwake ilikuwa TRC siku zote.

Sasa SGR, reli mpya ya kisasa ya umeme. Nimeshaipanda mara nne tangu ianze, Juni 2024 mpaka Morogoro na Julai mpaka Dodoma. Nauli ya kawaida niliyolipa mwanzoni ilikuwa 13,000 kwa Morogoro na 31,000 kwa Dodoma. Uwe na kitambulisho wakati wa kukata tiketi, na ufike mapema kwa sababu mizigo inapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Ukishakaa, starehe ni ya kweli: Morogoro chini ya saa mbili, mwendo unafika kilomita 160 kwa saa, na chai haimwagiki kikombeni. Nilipopita upande wa Kilosa nilisimama dirishani. Njia mpya ina madaraja na mahandaki ya kukabiliana na milima na mito ile. Nilimkumbuka kila niliyesimama naye stendi ya mabasi mwaka 2010 na mzigo kichwani.

Kitu kimoja kinanisumbua. Madirisha hayafunguki. Treni ya zamani ikisimama Saranda, hata iwe saa ngapi, kina mama walikuwa chini ya dirisha na kuku na wali wa moto, unashusha hela, unapandisha sahani. Watoto wengi wa Saranda wamesomeshwa na dirisha lile. SGR bado haijapita kule kubeba abiria, vipande vya kutoka Makutupora kwenda Tabora na kuendelea Isaka, Mwanza na Kigoma vinajengwa, kwa hiyo nafasi ya kuwatengenezea kina mama wale vibanda vyenye maji na kivuli ndani ya stesheni bado ipo. Hii reli ni ya umma. Nawaomba wanaohusika wawafikirie sasa, kabla stesheni hazijafunguliwa na kila meza kupata mwenye nguvu.

Kwa mdogo wangu, basi: mwenye hisa akibadilika leo, wewe angalia reli. Uliza nani analipa mataruma na madaraja, na kwa fedha za wapi. Kwetu ilichukua mwaka mmoja tangu 2011 kupata treni ya Ubungo na miaka kumi na mitatu kupata njia mpya ya Dodoma. Na anayekuhudumia, muulize jina lake, umsalimie. Yule mzee wa daraja la tatu alifanya kazi chini ya TRC, chini ya mwekezaji na chini ya Serikali tena, na sare yake ilikuwa imepigwa pasi kila nilipomwona.

Tiketi ya Dodoma nimeshakata, ya Alhamisi. Kutoka pale ni basi mpaka Tabora. Mama ameniwekea madumu mawili ya asali na ameshauliza mara mbili, kwa simu, SGR itafika lini.